Mtungi wa hewa kwa mtoto wa miaka 10: je, ruhusa inatosha?

Mtoa mada: Kila Desemba, msimu wa kaskazi unapotuliza maji na familia kumiminika Unguja, Watamu na Kisite, wazazi hukabiliwa na uamuzi huu: mtoto aelee tu juu ya matumbawe kwa miwani na bomba la kupumulia, au avalishwe mtungi kabisa? PADI, shirika linalotoa vyeti vya uzamiaji, humruhusu mtoto wa miaka 8 kujaribu mtungi katika kina kisichozidi mita 2, na wa miaka 10 kupata cheti, mradi asivuke mita 12 na aandamane na mkufunzi, au mzazi mwenye cheti. Rai yangu ni kwamba kuelea kuanze mapema, mtoto akishajua kuogelea, lakini mtungi usubiri.

Wapo wanaosema kuwa watoto wa Nungwi na Wasini huzamia tangu wadogo bila kudhurika. Hao hushuka na pumzi waliyoivuta juu, ambayo husinyaa kina kinapoongezeka na kurudia ujazo wake wanapoibuka. Anayevuta hewa ya mtungi katika mita 10, ambako shinikizo ni maradufu ya lile la juu ya maji, kisha akabana pumzi na kupanda kwa hofu, hewa hiyo hutanuka kifuani na huweza kuyachana mapafu. Mtoto aliyeingiwa na maji puani hukumbuka jambo moja tu: kukimbilia juu.

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, maelezo yako ya hewa nayakubali, hitimisho silikubali. Binti yangu alianza akiwa na miaka 11, na ndiye anayetukumbusha kuangalia kipimo cha mtungi. Kinachostahili kupimwa ni utulivu na utiifu, kwani wapo watu wazima wasiofaa kukabidhiwa mtungi. Tena, unakusifu kuelea kana kwamba hakuna hatari, ilhali pale Mnemba boti za watalii hujazana na mapanga ya injini huzunguka karibu na vichwa vya watoto.

Mtoa mada: La boti nalipokea: mtoto avae jaketi la kuelea, na nahodha azime injini kabla mtu yeyote hajaingia majini. Hata hivyo, utulivu wa binti yako, Mungu amkuze, haugusi suala la uokoaji. Wazamiaji huenda wawili wawili ili kila mmoja aweze kumwokoa mwenzake. Sasa mzazi akizimia chini, mtoto wa kilo 30 atampandishaje? Ndiyo maana naona kanuni inayomtosheleza mtoto kwa mzazi peke yake imelegea, hasa mzazi mwenyewe anapokuwa amepata cheti juzi. Na likizo ina shinikizo lake: mtoto ana mafua, masikio hayafunguki, lakini safari imeshalipiwa na keshokutwa kuna ndege, basi anahimizwa ajikaze. Wanaotetea miaka 10 wanijibu hilo la uokoaji kwanza.