Ushauri: shamba mchanganyiko la mikorosho lenye majimoto (chungu wanaoshona viota vya majani), nifyeke nianze upya au niliache lilivyo?

Mwana_Mkuranga:
Wakuu habarini. Nina shamba huku Mkuranga ndani ndani, heka kama sita, nimeachiwa na mzee. Ni mikorosho ya zamani imechanganyika na minazi, miembe, michungwa michache, na mpakani kuna mizambarau na vichaka ambavyo hakuna aliyewahi kuvigusa. Jirani yangu yeye alifyeka lote akapanda mikorosho ya kubebesha peke yake, mistari imenyooka, chini peupe hata jani hamna, na ananisisitiza nifanye hivyo hivyo na hawa majimoto niwamwagie sumu kwa sababu vibarua wa kupogolea wakiwaona tu wanadai hela zaidi.

Sasa kinachonitatiza ni hiki, kwake kila msimu anapuliza dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, na bado machipukizi yanakauka kama yamepitiwa na moto, halafu kwangu mikorosho iliyojaa viota vya majimoto ni mizima kabisa, ila ile ya upande wa barabarani ambayo haina majimoto inaungua vile vile kama ya kwake. Je ni majimoto kweli au ni bahati tu? Na kama ni wao, nifanye nini wafike na upande wa barabarani? Naombeni ushauri wa watu wenye uzoefu, hela ya kubahatisha sina.

Bibo_Tamu:
Mkuu mimi niko Newala, korosho ndio maisha yetu. Usidanganywe na mambo ya asili, bila bomba hupati kitu. Shamba la mchanganyiko ni la kula nyumbani, la biashara linataka nafasi na mwanga. Mikorosho ikibanana ubwiri unga unashika unamaliza maua yote, hapo majimoto atakusaidia nini?

Karafuu_na_Mnazi:
Assalaam aleikum. Ndugu yangu Bibo hapo kwenye ubwiri unga umesema kweli, ila umechanganya vitu viwili. Ubwiri unga ni ukungu, majimoto hana habari nao, dawa yake ya salfa itabaki pale pale. Anachouliza mwenzetu ni wadudu, yaani mbu wa mikorosho na yule kunguni anayefyonza korosho changa mpaka zinabaki na makovu meusi. Hao ndio majimoto anawala au anawafukuza.

Kwetu Unguja jambo hili ni la zamani sana. Kunguni huyo huyo ndiye anayeangusha vidaka vya minazi kabla havijafika popote, na watafiti walishaliona hapa Zanzibar tangu miaka ya 1950 kwamba mnazi wenye majimoto unabaki na vidaka vyake. Na walichokiona kingine, ambacho wengi hawakizingatii, majimoto hakai sana kwenye mnazi mtupu, jani la mnazi ni gumu hawezi kulishona vizuri akapata kiota. Anataka majani mapana yanayokunjika, ndio maana minazi iliyochanganyika na mikarafuu, michungwa na miti mingine ya matunda inalindwa vizuri kuliko minazi mitupu. Kwa hiyo ile miembe na mizambarau unayoambiwa ukate ndio nyumba zao, ukiikata umewafukuza walinzi wako.

Mwana_Mkuranga:
Waaleikum salaam. Shukrani sana. Mizambarau kweli imejaa viota, sikuwahi kuunganisha. Lakini jirani naye ana mwembe mmoja mkubwa katikati ya shamba, mbona hana majimoto hata mmoja?

Bwanashamba_Pwani:
Mkuu angalia chini ya huo mwembe. Naweka dau utakuta chungu wadogo wa kahawia, kati yao kuna wenye vichwa vikubwa kuliko miili, wamejaa kwenye shina na udongoni. Hao ni maadui wakubwa wa majimoto, wanapanda wanapigana nao mpaka wanawaondoa mtini, na wao wenyewe hawakusaidii chochote dhidi ya mbu wa mikorosho. Chini pakiwa peupe hao wa vichwa vikubwa wanashika nguvu zaidi juu ya miti. Yalipofanyika majaribio hapa nchini, mashamba yaliyoachiwa majani chini majimoto walidumu vizuri kuliko palipofagiliwa. Hivyo usafi wa jirani yako ndio umewapa nafasi hao.

Utafiti wa korosho mkoa huu wa Pwani nao ulionyesha hivyo hivyo, miti yenye majimoto wengi machipukizi na korosho zilizoharibiwa ni chache sana ukilinganisha na isiyo nao. Sio bahati mkuu.

Bibo_Tamu:
Sawa, lakini korosho tunaokota chini. Ukiacha majani utaziona wapi? Na moto wa kiangazi je? Majani makavu cheche moja tu shamba limekwenda.

Bwanashamba_Pwani:
Swali zuri sana hilo kaka. Hauachi msitu. Unafyeka chini ya kivuli cha mkorosho tu wakati wa kuokota unakaribia, katikati ya mistari unaacha majani mafupi, na mpakani unalima barabara ya moto. Vichaka vya mpakani unavibakiza upande wa ndani wa hiyo barabara. Na kwa kuwa tunaokota chini basi majimoto sio kero kubwa kama kwa mtu wa machungwa anayepanda juu. Kero ni siku ya kupogolea, hiyo fanyeni asubuhi na mapema kukiwa na baridi wakiwa bado wazito.

Mama_Shamba:
Jamani mimi niongeze, majimoto wanafuga wale wadudu wanaotoa utamu, vidung'ata na wenzao, michungwa yangu majani yalikuwa meusi kwa masizi. Kwa hiyo kwenye machungwa uangalie, usimwambie mtu ni faida tupu.

Karafuu_na_Mnazi:
Kweli dada, hilo lipo, ila mara nyingi ni hasara ndogo kuliko anayoizuia. Ukiona mti mmoja umezidiwa pogoa matawi yale, usipulize shamba zima.

Ndugu wa Mkuranga, kuhusu upande wa barabarani, njia rahisi ni daraja. Funga kamba au fito ndefu kutoka mti wenye majimoto kwenda usio nao, watapita wenyewe, na hivyo mikorosho inabaki na nafasi na mwanga kama anavyotaka kaka wa Newala bila matawi kugusana. Wachina wametumia ndugu za majimoto kwenye machungwa yao zaidi ya miaka elfu moja, na miti wakaiunganisha kwa mianzi. Ukitaka kuhamisha viota, chukua vya koloni moja tu. Wa koloni mbili ukiwaweka pamoja watauana. Jaribu kwanza, weka wachache wa huku na huku kwenye kopo, wakipigana usiwachanganye. Na kabla hujawahamishia, hakikisha hao wenye vichwa vikubwa hawapo kwenye mti ule, la sivyo unawapeleka kufa.

Bwanashamba_Pwani:
Na malkia ni mmoja kwa koloni nzima, yupo kwenye kiota kimoja kati ya hivyo vyote, ukihamisha vitatu vinne ukamwacha, wataisha taratibu. Ndio maana daraja ni bora. Wakiwa wachache unaweza kuwaongezea nguvu kwa vipande vya samaki na maji ya sukari, chuo cha kilimo SUA walishalifanyia utafiti kwenye mikorosho. Halafu zungumza na jirani kuhusu siku zake za kupuliza, upepo ukielekea kwako ile sumu haichagui mbu na majimoto.

Bibo_Tamu:
Mimi bado salfa na bomba siachi, ila shamba langu lina kona ina miembe na viota. Hiyo kona msimu huu sitaipuliza dawa ya wadudu, nitalinganisha.

Mwana_Mkuranga:
Wakuu asanteni sana. Sifyeki. Leo jioni nimepita barabarani na tochi, chungu wenye vichwa vikubwa wapo kwenye mikorosho miwili, mingine mitano mashina yake ni safi. Kamba ya katani inafaa au majimoto wanataka fito?

Karafuu_na_Mnazi:
Katani inafaa, ikaze isilegee. Anza na hiyo mitano.