Mashine za gemu za zamani: fundi azifungue na kuzibadilisha, au zibaki kama zilivyotoka kiwandani?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kuna msemo umeenea kwa wakusanyaji wa mashine za gemu za zamani, kwamba mashine ikishafunguliwa na fundi imeharibika thamani. Bora ikae kabatini na vifaa vyake vyote vya asili, hata kama haiwaki. Wauzaji nao wanaandika kwa fahari: "Haijawahi kufunguliwa." Napinga msimamo huo, na nataka tuujadili hapa kwa hoja.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na Xbox ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2001. Niliifunika kitambaa, nikaiweka mbali na vumbi, na kwa miaka mingi sikuigusa hata bisibisi. Niliamini naitunza. Ndani yake kuna kapasita ndogo, kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo, ambayo kazi yake ni kuifanya saa iendelee kwa muda mfupi ukichomoa waya wa umeme. Kapasita ile huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba kwenye bodi. Siku nilipoifungua, njia kadhaa zilikuwa zimegeuka kijani na kukatika. Kuing'oa mapema ni kazi ya dakika chache, na mashine inafanya kazi bila hiyo. Unachopoteza ni saa tu kila ukichomoa waya. (Toleo la mwisho, 1.6, lina kapasita bora zaidi, hiyo iacheni mahali pake.) Uaminifu wangu kwa "asili" ndio ulioiua mashine yangu.

Si Xbox peke yake. Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega ya mwaka 1990, ina sifa mbaya kwa jambo hili: kapasita zake zinavuja, sauti inafifia, kisha picha nayo inafuata. Kwa mashine kama hizo, mtu akiniambia haijafunguliwa, ninachosikia ni kwamba bado inavuja. Kapasita ni kama tairi la gari. Iliwekwa ikijulikana kwamba itachoka.

Sasa nije kwenye ugumu wenyewe, kwa sababu mpaka kati ya kutengeneza na kubadilisha si mnyoofu. Chukueni NES ya Nintendo. Kaseti ya gemu unaisukuma ndani, halafu unaibonyeza chini, na pini 72 za kiunganishi zinalegea kadiri miaka inavyokwenda. Ndani kuna chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu mwenzake iliyomo kwenye kaseti. Wasiposikilizana vizuri, inaizima na kuiwasha mashine tena na tena, ndiyo maana ile taa nyekundu inapepesa. Mafundi hukata mguu wa 4 wa chipu hiyo, na kupepesa kunakwisha. Je, hapo fundi ametengeneza au amebadilisha? Famicom iliyouzwa Japani tangu mwaka 1983 haikuwa na chipu hiyo kabisa, na ni mashine ileile kwa ndani. Mimi nasema ametengeneza. Wenzangu mnasemaje?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, kwenye kapasita sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni kwamba umechukua mfano mwepesi ukautumia kufungulia mlango mkubwa. Mlango huo ukishafunguka, anaingia mtu mwenye pasi ya kulehemu aliyojifunza kuitumia jana. Nimeshika bodi ambazo vituo vya shaba, pale miguu ya vipuri inapolehemewa, vimebanduka kwa sababu ya joto la kupita kiasi, mashine ambayo kabla ya hapo ilihitaji kusafishwa tu kwa spiriti. Kapasita iliyovuja inaweza kusubiri fundi mwingine. Kituo kilichobanduka kinamfanya fundi huyo aanze kuunga nyaya.

Halafu kuna hii homa ya kutoboa ganda ili kupitisha tundu la HDMI, lile la TV za kisasa. Hapo ndipo roho inaniuma. Picha za mashine hizi zilichorwa na watu waliokuwa wanaangalia TV za chogo. Kwenye Mega Drive ya Sega, wachoraji walipotaka maji yapitishe mwanga walipanga mistari ya wima, mmoja umepakwa rangi, mmoja wazi, kwa sababu walijua waya wa kompoziti, ule wa zamani unaopitisha picha yote kwa pamoja, utaichanganya na jicho litaona maji. Ukiitoa picha hiyo safi kwa HDMI, maji yanageuka kuwa uzio. Na bunduki za mwanga za zamani hazifanyi kazi kabisa kwenye TV bapa, maana zinategemea jinsi TV ya chogo inavyochora picha mstari kwa mstari. Mnasema mnahifadhi. Mnahifadhi nini, kama kile alichokusudia mchoraji kimepotea?

Mchangiaji wa tatu

Naomba niingize suala la sheria, maana mnazungumza kana kwamba uamuzi ni wa mwenye mashine peke yake.

Nintendo ilifunga huduma ya kutengeneza Famicom mwaka 2007. Hilo silaumu, vipuri vilikwisha. Lakini sheria zinazolinda kufuli za kidijitali, yaani chipu na programu za kuzuia kunakili, hazikuondoka pamoja na vipuri. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli hizo, na ruhusa maalumu hutolewa kila baada ya miaka mitatu. Ruhusa ya mwaka 2021 ilifika kwenye mashine za gemu, lakini kwa drivu ya diski tu, na ukimaliza kuitengeneza lazima ulirudishe kufuli kama lilivyokuwa. Australia, kinyume chake, mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2005 kwamba chipu za kukwepa kufuli zinazowekwa kwenye PlayStation hazikuvunja sheria kama ilivyoandikwa wakati ule. Kazi ileile, pasi ileile, Australia wakati ule ruhusa, Marekani kosa.

Mtengenezaji akishajitoa kwenye kutengeneza, haki ya kutengeneza imwendee mwenye mali. Kunakili gemu za watu ni kesi nyingine, na hiyo siitetei.

Mchangiaji wa nne

Fupi tu: wanaopaka haidrojeni peroksaidi ili plastiki ya njano irudi kijivu, hilo nalo ni kubadilisha. Plastiki ya Super Nintendo ikiwa njano bado inafanya kazi vizuri. Mimi yangu nimeiacha ilivyo.

Mwanzisha mada

Mchangiaji wa pili, hoja ya maji ya Mega Drive imenigusa na naikubali. Sitetei kutoboa ganda. Bodi ya HDMI ikiwekwa, itokee kwenye tundu lililopo, au isiwekwe.

Ila unaposema "alichokusudia mchoraji", angalia upande wa pili. Gemu nyingi za Japani zilibuniwa kwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Zilipopelekwa Ulaya kwenye mfumo wa TV wa PAL wa hezi 50, nyingi hazikurekebishwa: zikaenda polepole kwa karibu asilimia 17, muziki ukaburuta, na mistari myeusi ikatokea juu na chini. Fundi anayeweka swichi ya 50 na 60 kwenye Mega Drive ya Ulaya anairudisha gemu kwenye mwendo wake. Hapo aliyebadilisha ni kiwanda.

Ninachofanya mimi sasa ni hiki: kila kipuri ninachotoa nakitia kwenye mfuko wenye maandishi, na ndani ya ganda naacha karatasi inayosema nini kimeguswa na lini. Atakayeifungua baada yangu asikisie.

Mchangiaji wa tatu

Swali kwa mchangiaji wa pili. Sega iliacha kutengeneza mashine yake ya Dreamcast mwaka 2001. Lenzi zake zinachoka, na diski zake maalumu, za GD-ROM, hazisomwi na drivu za kawaida. Kuna bodi inayokaa mahali pa drivu na kusoma gemu kutoka kwenye kadi, bila kulehemu chochote. Lenzi ikifa, utaiweka?

Mchangiaji wa pili

Nitaiweka. Na drivu yenye lenzi iliyokufa nitaihifadhi kwenye boksi lake, pamoja na ile karatasi.