Hizo "historia za logo" za Tom na Jerry mnazosambaza ni uongo, na zinatuharibia kazi

Wandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na humu pia imeletwa, watu wakaipigia makofi. Inasema ni logo zote za Tom na Jerry tangu 1940 mpaka leo. Visanduku vimepangwa, kila kimoja na mwaka wake chini. Watu wanaweka mioyo, wanaandika "utoto wetu huo", wanaipeleka mbele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: kisanduku hiki kimetolewa kwenye filamu gani?

Mimi nauliza, kwa sababu herufi ndizo zinanilisha. Nachora kuta za shule, vibao vya saluni, milango ya maduka. Na nasema wazi: ile picha imeghushiwa kuanzia kisanduku cha kwanza.

Tazameni hiyo 1940 yao. Wameandika Tom and Jerry kwa nyeusi na nyeupe, pembeni wakabandika ngao ya kampuni ya filamu ya Warner Bros. Kisanduku kimoja, uongo mara tatu. Filamu ya kwanza, Puss Gets the Boot, ilitoka Februari 1940, na ndani yake hakuna Tom. Paka anaitwa Jasper! Yule mama wa pale nyumbani anamfokea kwa jina hilo, fungua sauti utasikia mwenyewe. Panya hatajwi jina lolote. Majina tunayoyajua yalipatikana baadaye, wafanyakazi wa studio ya MGM waliposhindanishwa kuyatafuta, na filamu iliyofuata, The Midnight Snack ya 1941, ndiyo iliyokuja na Tom na Jerry. Sasa mnieleze, logo ya jina ambalo lilikuwa halijatungwa ilichorwa na nani?

Halafu hiyo nyeusi na nyeupe. William Hanna na Joseph Barbera walizitengeneza filamu hizi kwa rangi, Technicolor, tangu ya kwanza kabisa. Aliyeghushi alijiambia kwamba cha zamani lazima kikose rangi, akaifuta, basi. Na Warner Bros. ilikuwa haihusiki hata kidogo. Filamu zilikuwa mali ya MGM, na anayenguruma mwanzoni ni simba wa MGM. Ted Turner alizinunua mwaka 1986 pamoja na filamu nyingine za studio hiyo, kisha 1996 kampuni yake ikaunganishwa na Time Warner, wenye Warner Bros. Ngao ile imechelewa zaidi ya miaka hamsini kufika kwenye kisanduku walichoiweka.

Kuna kisanduku cha 1960. Nacho kimetoka wapi? MGM ilifunga idara yake ya katuni mwaka 1957, na filamu za mwisho za Hanna na Barbera zilitoka 1958. Filamu 114 kwa jumla, Oscar saba. Mwaka 1959 na 1960 haikutoka filamu mpya hata moja. Kazi ilianza tena 1961, tena mbali na Marekani: Gene Deitch alitengeneza filamu 13 kule Prague. Hao wa Prague hawamo kwenye ile picha. Mtu ameubuni mwaka ambao haukuwa na kitu, na ule uliokuwa na kitu ameuruka.

Kinachoniuma zaidi ni kumwacha Chuck Jones. Alisimamia filamu 34 kati ya 1963 na 1967, na ule mwanzo wake anaukumbuka kila mtu aliyekaa mbele ya televisheni akiwa mtoto. Simba wa MGM anatokea kwenye duara lake la dhahabu, ananguruma kama kawaida, mara simba anapotea, na palepale ndani ya duara Tom ndiye anayelia, zile nyusi zake nene zikimpanda usoni. Hapo nembo ya kampuni yenyewe imefanywa kichekesho cha katuni. Kama unaandika historia ya logo ya Tom na Jerry na mahali hapo unapapita, basi hukuitazama katuni. Ulikaa kwenye kompyuta ukabadilisha rangi.

Na ndivyo ilivyofanyika kweli. Kuzeni ile picha muangalie R mbili za Jerry. Zinalingana mpaka kwenye ncha. Shukeni kisanduku cha pili, cha tatu, cha nne: R ni zilezile, M ileile, kivuli kimelala upande uleule. Ni fonti moja imepakwa nyekundu hapa, njano pale. Sasa kadi za jina, zile zinazoonyeshwa filamu inapoanza, za miaka ya 1940 na 1950 zilichorwa kwa mkono, ndipo zikapigwa picha kwa kamera. Mtu aliketi na brashi akapanga uzito wa kila herufi. Anayechora herufi akitazama kazi ya namna hiyo, anauona mkono. Kwenye ile picha yenu mkono haupo.

Najua wapo watakaosema wao walienda kwenye filamu yenyewe wakaisimamisha, wakapiga picha kioo. Ni afadhali, lakini hata hapo kuna mtego. MGM ilizirudisha sinemani filamu nyingi za miaka ya 1940 baada ya miaka kadhaa, na mara nyingi ilikata kadi ya mwanzo ikaweka mpya. Kwa hiyo unaweza kufungua filamu ya 1943 ukakutana na kadi iliyotengenezwa miaka mingi baadaye. Ukiandika "1943" chini yake umeshadanganya bila kukusudia. Anayetaka kufanya kazi hii lazima aandike vitu viwili: filamu ni ya mwaka gani, na kopi aliyoitazama ni ya mwanzo au ni iliyorudishwa. Baada ya hapo, tangu 1975 mpaka leo, mambo ni mepesi, maana mwaka wa kila mfululizo unajulikana: ule wa 1975 ambao Jerry amevaa tai ya kipepeo nyekundu, Tom & Jerry Kids wa 1990, Tom and Jerry Tales wa 2006, The Tom and Jerry Show wa 2014. Hizo hata mtoto anaweza kuzipanga.

Sasa niseme kwa nini nimepandwa hivi. Shule moja ya materneli, ya watoto wadogo, huku mtaani Kampemba ilinipa ukuta mzima wa uani. Walitaka Tom na Jerry wa zamani, wale ambao wazazi waliwatazama. Nilichagua kadi ya nyuso mbili, paka na panya wakitabasamu, ile ya filamu za Hanna na Barbera. Nilisimamisha filamu kwenye simu, nikapiga mistari ukutani kwa kamba ya chaki, nikagawa miraba kwa penseli, nikahamisha herufi moja baada ya nyingine kwa rangi ya mafuta. Tabaka la kwanza likakauka, nikarudia la pili, kisha nikafuata kingo kwa brashi nyembamba ili kivuli kisimame. Watoto walikuwa wanapita wakitoka kalasi na kuita majina yao kwa sauti.

Halafu mzazi mmoja wa kamati akamwonyesha mama direktrisi, mkuu wa shule, ile picha kwenye simu. Mama akaniita: "Papa, hii yako haiko ya kweli. Ya kweli njo hii hapa, angalia, bameandika 1940." Nikamweleza kuhusu Jasper. Nikamfungulia filamu. Akasema watu wote kwenye grupu wana ile nyingine, hawawezi wote kukosea. Nusu ya malipo ikazuiwa mpaka nifute na kuchora upya ile ya uongo. Nilikataa kuifuta. Ukuta umebaki ulivyo na hela yangu sijaiona.

Simlaumu yule mama sana. Yeye si mtu wa katuni, ameona mwaka umeandikwa akaamini. Nawalaumu ninyi mnaoandika miaka kwa kubahatisha.

Msinijibu kwamba ni mambo ya watoto tu. Huu ni mji ambao watu walitundika sebuleni picha za Mamba Muntu, yaani nguva, na Kolonie Belge, za enzi ya utawala wa Wabelgiji, zilizochorwa na mafundi wa mtaani, na mpaka leo kuna watu wanaomtambua fundi kwa namna alivyochora maji au kofia ya askari. Huku tunajua kwamba kitu kilichochorwa kina mwenyewe. Waliochora zile kadi wengi wao hata majina yao hayakuandikwa kwenye filamu. Kitu pekee kilichobaki kwao ni umbo la herufi zile, nanyi mnalifuta mkiweka fonti ya bure mahali pake, halafu mnaiita historia. Na mtoto wa materneli atakua akijua kwamba Tom na Jerry walianza bila rangi, chini ya ngao ya kampuni ambayo haikuwa yao.

Na msiniambie mna nia njema. Nimemwandikia pembeni mmoja wa walioileta hapa, nikampa majina ya filamu na miaka. Alichonijibu ni kwamba picha imeshapata mioyo mingi, hawezi kuiondoa. Hilo ndilo jibu lililonifanya nifungue uzi.

Ninachotaka si kikubwa. Ile picha iondolewe humu. Anayetaka kuleta nyingine, chini ya kila logo aandike jina la filamu au mfululizo, mwaka, na nani alikuwa anasimamia: Hanna na Barbera, Deitch, Jones, au waliofuata. Kisanduku ambacho hana filamu yake akiache wazi. Na kwa mafundi wenzangu wa mitaa ya Lubumbashi, Katuba, Kenya, Ruashi na kwingine: mteja akiwaletea ile picha, msianze kuchanganya rangi. Mfungulieni kwanza Puss Gets the Boot, mega zake si nyingi, asikie mwenyewe paka anaitwa nani.

Aliyeileta humu yupo na anausoma uzi huu. Nasubiri aniambie hiyo logo ya 1940 ameitoa kwenye filamu gani.