Naomba ushauri: programu ipi inachora yenyewe ramani ya mifumo inayotegemeana kazini?

KijanaWaRaki (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi moja hapa Dar. Tunahamisha mifumo kutoka chumba cha seva cha zamani kwenda kituo kipya cha data. Seva zinapita mia, na michoro tuliyorithi haifanani kabisa na kilichopo. Natafuta programu itakayotambua yenyewe mfumo gani unaongea na upi, na data zinatoka wapi kwenda wapi. Nimesikia ServiceNow, BMC Discovery, Device42 na Dynatrace. Ipi inafaa? Naombeni majibu mapema, usingizi sina.

Fundi_Seva
Mkuu, jina la programu liache kwanza. Kuna zinazoingia kwenye seva kwa akaunti maalumu, kwa njia za kuingilia kutoka mbali, SSH kwa Linux na WMI kwa Windows, zinasoma miunganisho iliyo wazi dakika ile, kisha zinatoka. Kuna zinazoacha wakala, yaani programu ndogo, ndani ya seva. Huyo haondoki, anaona hata muunganisho wa sekunde mbili. Kwenye Linux za sasa wengi wanatumia eBPF, njia ya kuchungulia ndani ya kiini cha Linux, kwa kazi hiyo. Halafu kuna zinazosoma NetFlow, kumbukumbu za nani kaongea na nani mtandaoni, kutoka kwenye swichi: zinakuambia seva hii imeongea na ile kwa poti fulani, lakini si programu gani ndani yake iliyoongea. Una databesi gani, na una muda kiasi gani?

Binti_Kigamboni
Kwetu tulinunua moja ya bei mbaya. Watu wa usalama wakagoma kutoa akaunti za kuingilia kwenye seva. Leseni ikaisha muda wake ramani ikiwa na printa tu. Anza na watu wa usalama, mdogo wangu.

Mzee_wa_Kebo
Vijana mnataka mashine iwafikirie. Sisi tulifuata waya kwa mkono, tukaongea na wahasibu, tukaandika daftarini. Mtu wa kompyuta asiyemjua mhasibu wake hajui mfumo wake.

Chapati_Mbili
Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi.

KijanaWaRaki
Asanteni. Databesi ni Oracle na SQL Server. Muda upo wa kutosha.

Fundi_Seva
Wa kutosha ndiyo kiasi gani? Taja tarehe.

KijanaWaRaki
Tarehe 18 mwezi huu, Jumamosi usiku. Mkurugenzi ameshawaandikia wateja barua. Na kusema kweli nimeshaanza kujaribu programu isiyoweka wakala tangu tarehe 2, inapita kila baada ya saa sita, na ramani inapendeza. Kuna seva moja ya Oracle ya zamani haionekani kuunganishwa na kitu chochote. Aliyeisimika amestaafu. Hiyo nimeiweka kwenye orodha ya kuzimwa, haihami.

Fundi_Seva
Kumbe hapa ndipo penye swali lako! Ndugu yangu, hiyo ramani haijaona mwisho wa mwezi hata mmoja. Kazi za mishahara, PAYE, makato ya Bodi ya Mikopo, hizo huamka mara moja kwa mwezi, zinamaliza, zinalala. Kazi ya nusu saa ikiangukia katikati ya hizo saa sita, programu yako haiioni. Fungua listener.log ya hiyo Oracle. Kila aliyegonga mlango ameandikwa humo: tarehe, mashine, programu, jina la mtumiaji. Usipange kuzima kitu kabla hujaisoma.

KijanaWaRaki
Nakuelewa mkuu, lakini wakala siwezi kuweka, usalama wamekataa. Na ikibainika inahitajika, si tunaiwasha tu?

Msafiri_wa_Leeds
Usiseme hivyo. Huku Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB ilihamia mfumo mpya. Data zilihama salama, jukwaa jipya ndilo lililokwama, na likagusa sehemu kubwa ya wateja wake milioni 5.2. Desemba 2022 wasimamizi wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65.

Mpelelezi_Buguruni
Hii ni chai. Amejiunga wiki hii, uzi wake wa kwanza una majina manne ya programu za kulipia. Huyu dalali. Taasisi gani inazima Oracle bila kujua ni ya nani?

Chapati_Mbili
Chai ya rangi au ya maziwa?

Binti_Kigamboni
Mpelelezi, taasisi nyingi tu! Kwetu ipo seva imebandikwa karatasi USIZIME na hakuna anayejua kwa nini.

Mpelelezi_Buguruni
Basi aweke hiyo log hapa, afute majina.

KijanaWaRaki
Mimi si dalali. Nimeisoma. Miezi yote iliyomo, jioni ya tarehe 24, mashine ileile inaingia kwa sqlplus, programu ya kutuma amri kwenye Oracle. Nimeifuata, iko mezani kwa mhasibu wa mishahara. Anasema anabofya faili aliloachiwa, orodha ya makato ya SACCOS inatoka, anaipeleka benki. Lakini ni mashine moja tu, wakuu.

Mpelelezi_Buguruni
Hayo hata mimi naweza kuyaandika.

Mzee_wa_Kebo
Mhasibu! Nilisema nini?

Fundi_Seva
Moja hiyo imebeba makato ya wafanyakazi wote. Hamisha nyingine tarehe 18, hiyo iache ilipo mpaka mishahara ipite. Na ukitaka kujua kama kuna wengine, ziba poti 1521, mlango wa hiyo Oracle, saa nne asubuhi siku ya kazi kwa saa moja, kwa ruhusa ya maandishi. Jumamosi usiku hakuna wa kupiga kelele.

KijanaWaRaki
Mkurugenzi hataki kusikia neno kusogeza.

Fundi_Seva
Husogezi tarehe, unatoa seva moja kwenye orodha. Nenda na kurasa za log mkononi, na uziangalie DBA_DB_LINKS, orodha ya viungo vya databesi moja kwenda nyingine, huenda kuna databesi nyingine inayoiita hiyo.

KijanaWaRaki
Nina kikao naye kesho saa tatu. Hiyo DBA_DB_LINKS naisoma kwa akaunti ipi?

Fundi_Seva
SYSTEM inatosha. Ila isome kwenye kila Oracle mliyonayo, si hiyo ya zamani peke yake. Kiungo huandikwa upande unaoita, si upande unaoitwa.