Mrejesho: Kuzamia na mtungi wa hewa kwenye bwawa la umwagiliaji Mufindi

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuzamia kwenye bwawa la shamba la chai huku Mufindi, kina kifupi na maji baridi, mimi nikiwa nimezoea bahari ya Unguja. Nimeshaingia, asanteni sana.

Aliyesema nipunguze risasi za kiunoni (vipande vya madini vya kumpa mzamiaji uzito ashuke) kanisaidia kuliko wote. Maji yasiyo na chumvi hayamwinui mtu kama ya bahari, basi risasi za Unguja zingenizamisha moja kwa moja. Nilitoa kilo 2, nikatulia vizuri. Saa ya mbizi, ile inayohesabu muda salama wa kukaa chini, niliiweka kwenye hali ya milimani, maana kwenye mita 1,800 hivi hewa ni nyepesi na hesabu za pwani hazifai.

Tope ndilo limenishinda. Nilipiga mapezi ya miguuni kichurachura, yaani kama chura anavyoogelea, kama mlivyoelekeza, na bado lilifumuka hadi nikawa naona mkono wangu tu. Kamba ya kuongozea ndiyo iliyotutoa mimi na mwenzangu. Msiingie bila hiyo.

Kichocho bado sijapima, daktari kasema nisubiri wiki 6 hadi 8. Na uliyenikataza bwawa la Mtera kwa sababu ya mamba na viboko, Mungu akubariki.