Mjadala: Je, ni halali tabibu kumpa mgonjwa plasebo bila kumwambia?

Mtoa hoja:
Ndugu wachangiaji, sisi tunaofanya kazi zahanati tunamjua mgonjwa asiyeridhika mpaka achomwe sindano. Huchomwa ya vitamini, akashikilia pamba yake mkononi, na kabla hajavuka geti amekwisha kuchangamka. Nguvu ya plasebo, yaani tiba isiyo na dawa ya ugonjwa unaotibiwa, hutegemea mambo mengi: mara nyingi sindano huzidi kidonge, na namna mgonjwa anavyopokelewa ina uzito wake. Katika utafiti wa Ted Kaptchuk na wenzake wa mwaka 2008, wagonjwa 262 wa matumbo ya kusokota waligawanywa makundi matatu. Waliosubiri tu, asilimia 28 walipata nafuu ya kutosha. Waliopewa kimyakimya akupancha bandia, yaani tiba ya Kichina ya sindano nyembamba iliyoigizwa tu, 44. Waliopewa hiyohiyo na mtaalamu mchangamfu aliyewasikiliza, 62. Ikiwa nafuu ipo, kosa la tabibu liko wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Takwimu hizo sizipingi, ndugu yangu. Nauliza tu ni kitu gani hasa kilichopona. Mwaka 2011 Michael Wechsler na wenzake waliwapa wagonjwa wa pumu, kwa zamu, inhela yenye dawa, inhela tupu, akupancha bandia, na safari nyingine hawakuwapa chochote. Kwa maneno yao wenyewe, inhela tupu iliwasaidia karibu sawa na ile ya dawa; lakini walipopuliza kwenye mashine, dawa ilikuwa imeongeza pumzi kwa takriban asilimia 20, ilhali inhela tupu iliongeza kama 7, sawa na kutopewa kitu. Mtu anayejiona mzima huku kifua kimebana ndiye atakayechelewa kukimbizwa hospitali usiku. Kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya mchungaji mmoja wa Tanzania, mwaka huohuo kilikuwa na kila kichocheo cha imani, kuanzia safari ndefu hadi foleni ya magari, na wapo waliorudi wakaacha ARV. Tena uongo wenyewe si wa lazima: mwaka 2010 Kaptchuk aliwaeleza wagonjwa wa matumbo waziwazi kwamba vidonge havina dawa, na bado walipata nafuu kuliko wasiopewa.

Mtoa hoja:
Kuhusu pumu nimekuelewa, na sitabisha. Ila kueleza waziwazi kunataka muda, na huyu anayedai sindano yuko mbele yangu, foleni imeshafika nje ya mlango. Nimwambieje?