Binti yangu chonge limetokea juu ya fizi, nimeambiwa ling'olewe. Naombeni ushauri

Mama wa Chuno:
Ntwara kuchele, wakuu.

Nina binti wa miaka 12, darasa la sita. Meno yake ya utoto yalikuwa kama punje za mahindi, kila mgeni akiyasifia. Haya ya ukubwani ndiyo yamekuja na vurugu. Chonge la juu kushoto limekosa nafasi, limechomoza juu kabisa kwenye fizi, akicheka linatangulia lenyewe. Jino la jirani yake limerudi ndani: akiuma, linakaa nyuma ya meno ya chini badala ya kuyafunika. Na chini nako meno ya mbele yote yamesogea kulia kama abiria waliobanana kwenye daladala.

Kilichonishtua hasa ni andazi. Juzi asubuhi aliuma, akaliacha kwenye kisahani akaenda kuitikia hodi. Nikaliangalia. Upande mmoja limekatika safi, upande wa pili kimebaki kipande kimesimama kama kisiki. Ndipo nikaelewa kwa nini muhogo anaupeleka pembeni na kwa nini sisi tunanawa mikono yeye bado yuko katikati ya sahani. Shuleni wanamwita Ngiri. Siku hizi akiongea anaziba mdomo kwa ukosi wa sweta, na joto hili la kwetu.

Nilimpeleka kliniki moja ya mtaani. Jamaa akammulika kwa tochi ya simu, haikufika dakika, akasema lile la juu ni jino la ziada, ling'olewe leoleo. Nilishafungua pochi. Mtoto akaanza kulia, nikasema tutarudi Jumatatu. Baba yake anasema ling'olewe yaishe. Mimi roho inasita.

Wenye uzoefu naombeni ushauri. Kejeli kaeni nazo.

Korosho Ghafi:
Dada, zamani huku kwetu Umakondeni watu walikuwa wanachonga meno makusudi yawe na ncha. Wa kwako kapewa bure unalalamika.

Mama wa Chuno:
Nimesema kejeli kaeni nazo, Korosho.

Tabibu Mstaafu:
Mama, Jumatatu usirudi kule.

Hilo si jino la ziada. Machonge ya juu hutoka kwa kuchelewa, kati ya miaka 11 na 13, wakati majirani zake wameshakaa. Taya likiwa dogo, chonge linakuta kiti kimejaa, linachomoza juu ya fizi. Kosa lake ni kuchelewa tu, nalo ndilo jino lenye mzizi mrefu kuliko yote mdomoni. Linabeba kona ya mdomo, linaongoza meno ya nyuma taya linapokwenda pembeni, na mara nyingi mzee akibakiwa na meno mawili matatu, chonge huwamo. Nimeona wengi waliong'olewa la namna hii wakiwa watoto, wakaja ukubwani na pengo na jino la jirani bado limerudi ndani vilevile, maana kung'oa hakukusogeza kitu.

Ikibidi kupunguza ili ipatikane nafasi, bingwa wa kupanga meno kwa kawaida hutoa gego dogo lililo nyuma ya chonge, kisha analivuta chonge lishuke mahali pake kwa waya. Na wengine hata hawahitaji kung'olewa kitu. Hilo huamuliwa kwa picha ya eksirei ya taya zima na vipimo vya meno, siyo kwa tochi ya simu.

Hilo lililorudi ndani nalo usilidharau. Jino la juu likiuma nyuma ya la chini, yanasagana kila siku, fizi ya la chini inashuka, na mtoto huzoea kupindisha taya ili apate pa kuumia. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Sura ni nyongeza.

Sasa nikuulize, maana umesema ya chini yamesogea upande mmoja. Mwambie afungue mdomo, hesabu ya chini kutoka katikati kwenda kulia: la kwanza, la pili, la tatu ndilo chonge, lina ncha. Lipo?

Bi Mikindani:
Nimejifunza kitu. Lakini jamani tusigeuze kila jino kuwa ugonjwa. Mimi nina mwanya, marehemu mume wangu alinioa kwa sababu yake, alisema mwenyewe.

Raba za Urembo:
Mwenye mwanya au meno yaliyosambaa asihangaike na hospitali. Ninazo raba ndogo, unavalisha meno mawili ya mbele usiku, wiki mbili mwanya umefunga. Natuma mikoani kwa basi.

Tabibu Mstaafu:
Huyu msimsikilize. Jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo raba isiyoshikizwa na kitu inateleza kupanda juu, inaingia chini ya fizi usiione. Huko inakula fizi na mfupa taratibu. Mwanya utaufunga kweli, halafu meno yote mawili yataanza kulegea, na kuyaokoa ni shida. Bi Mikindani, wako uache ulivyo.

Mama wa Chuno:
Tabibu, nimehesabu mara tatu. Kushoto lipo. Kulia halipo. Baada ya la pili linafuata gego. Na sasa nakumbuka hata ya utoto upande ule yalikuwa na pengo, nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Tabibu Mstaafu:
Usikasirike kwa swali hili. Akiwa mchanga, kuna mtu alimtoa "meno ya plastiki"?

Mama wa Chuno:
Mimi sikumpeleka popote. Ila alipokuwa na miezi saba nilirudi chuo cha ualimu nikamwacha Newala kwa mama yangu.

Mama wa Chuno:
Nimempigia. Nimemuuliza taratibu tu, "Mama, hivi mjukuu wako aliwahi kuumwa sana nilipokuwa chuo?" Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema mtoto alikuwa anaharisha na homa haishuki, jirani akaja na bibi mmoja anayejua kazi hiyo, wakamshika miguu, wakamtoa upande mmoja tu kwa sababu damu ilikuwa nyingi. Akasema, "Niliogopa angekufa mikononi mwangu nikuambie nini." Sikuweza kumgombeza. Miaka kumi na mmoja amekaa nalo.

Bi Mikindani:
Pole mwanangu. Mama yako naye mpe pole.

Tabibu Mstaafu:
Usimlaumu, imani hiyo imeenea mikoa mingi. Kinachoitwa jino la plastiki ni kichipukizi cha chonge la utoto, bado laini na cheupe kwa sababu hakijakomaa. Wala hakileti homa wala kuharisha. Chini yake kuna mbegu ya chonge la ukubwani, na chuma kikipita pale huiharibu au huitoa pamoja. Pengo likabaki wazi, na ya mbele yakaanza kulifuata. Ndiyo maana yamehamia kulia.

Picha ndiyo itakayosema kama chonge hilo limezikwa kwenye taya au halipo kabisa. Na hapo unaona kwa nini nilikukataza Jumatatu: mtoto ambaye huenda ana upungufu wa jino chini, mtu anataka kumpunguzia na la juu. Bingwa lazima alijue jambo hili kabla hajapanga chochote, kwa hiyo mweleze yote, hata la Newala.

Anzia Ligula, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, kitengo cha meno, uombe rufaa ya kwenda kwa bingwa wa kupanga meno Muhimbili. Chuo cha MUHAS kinafundishia meno palepale. Kama una bima, waulize wenye bima wanalipia nini kabla hujakata tiketi.

Mvuvi wa Msangamkuu:
Nidandie hapohapo. Wangu ana miaka 5, ananyonya kidole gumba, ya mbele yamekuwa kama dirisha, akifunga mdomo ulimi unachungulia. Mke wangu anapaka pilipili kidoleni. Naye waya?

Tabibu Mstaafu:
Hapana mkuu, hayo bado ya utoto. Akiacha kabla ya miaka 6 au 7, yanapoanza kuja ya ukubwani, mara nyingi dirisha hujifunga lenyewe. Pilipili itamfikia machoni, acheni. Msifieni siku asiponyonya. Akifika miaka 7 mwonyesheni daktari wa meno hata kama hamwoni tatizo.

Waya Mdomoni:
Mama wa Chuno, mimi nina miaka 34 na nimevaa, kwa hiyo binti hajachelewa hata kidogo. Ukiwa na fizi na mfupa wenye afya, wanakuvisha hata ukiwa na mvi. Nilianza mwishoni mwa 2023 nikiwa bado Mtwara, nikawa napanda basi kwenda Dar kila baada ya wiki sita kukazwa. Mei 2024 barabara ilipokatika kule Somanga nilikosa miadi, kazi ikarudi nyuma.

Nikwambie yasiyosemwa. Siku tatu za mwanzo na baada ya kila kukazwa unakunywa uji, hata wali unauma. Vidude vinagandishwa kwenye jino kimoja kimoja, waya unapita katikati. Daktari alinieleza kwamba jino likisukumwa, mfupa wa mbele yake unayeyuka kidogo na wa nyuma unajengeka, ndiyo maana haliwezi kuharakishwa, wengi wanatumia mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mswaki baada ya kila mlo, la sivyo wakivua utakuta madoa meupe na matundu kuzunguka kila kidude. Muwa marufuku, mahindi ya kuchoma marufuku, na korosho za kukaanga marufuku. Mtu wa kusini, msimu wa korosho, unawaangalia wenzako wanatafuna! Nilijaribu moja, nikasikia "ta", kidude kikang'oka.

Wakivua bado hujamaliza. Unavaa riteina ya kushikilia, usiku kwa miaka, maana meno yana tabia ya kurudi yalikotoka. Malipo mimi niliomba nigawiwe, nikatoa kidogo kidogo kila nilipokwenda. Uliza, usione aibu.

Korosho Ghafi:
Dada nisamehe kwa utani wa mwanzo. Na mimi wa kwangu, alizaliwa hukohuko Newala, nimetoka kumhesabu sasa hivi. Yapo yote.

Mama wa Chuno:
Nimerudi, wakuu. Ligula wamemwangalia kwa utulivu, wakasema chonge la juu lisiguswe, wametupa rufaa. Baba yake nimemsomea uzi huu wote, nilipofika pale pa Newala akatoka nje, akarudi na kusema atauza gunia moja la akiba. Binti kaniuliza kitu kimoja tu, kama waya zina rangi. Tunaondoka wakifunga shule. Nani anajua pa kulala karibu na Upanga pasipo na bei ya kutisha?

Waya Mdomoni:
Siku hizi nimehamia Mbagala na shemeji yako, chumba kipo, asubuhi mnapanda mwendokasi. Mkija msituletee korosho. Leteni ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, hiyo naiweza.